Mkataba wa Asbesto wa Shirika la Kazi Duniani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa fundi paa, fundi bomba, mbomoaji wa majengo, fundi gereji, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi na mwajiri mdogo anayetaka kujua dunia imekubaliana nini kuhusu asbesto kazini. Msingi wa majibu ni Mkataba Na. 162 wa mwaka 1986 na Pendekezo Na. 172 la mwaka huohuo. Mkataba unapoacha pengo, tumesema. Tunapoona umepitwa na wakati, tumesema pia.

Mkataba Na. 162 ni upi?

Ni makubaliano ya kimataifa yaliyopitishwa Geneva mwezi Juni 1986, katika mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), yakaanza kutumika mwezi Juni 1989. ILO ina jambo moja lisilopatikana katika mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa: wanaopiga kura si serikali peke yake. Wajumbe wa waajiri na wajumbe wa wafanyakazi nao wana kura zao. Kwa hiyo maandishi ya mkataba huu yalipita mikononi mwa pande tatu, na ukiyasoma kwa makini utaona wapi upande mmoja ulivuta na upande mwingine ukalegeza.

Mkataba unahusu kazi yoyote inayomkutanisha mfanyakazi na asbesto: machimbo, kiwanda, ujenzi, ukarabati, ubomoaji, usafirishaji na utupaji wa taka zake. Pendekezo Na. 172 linaongeza maelezo ya kina, ila lenyewe halifungi mtu kisheria.

Asbesto ni nini, hata ikapewa mkataba wake peke yake?

Ni jina la kundi la madini yenye umbo la nyuzi. Mkataba unataja sita: krisotili (asbesto nyeupe), krosidoliti (ya bluu), amositi (ya kahawia), antofiliti, tremoliti na aktinoliti. Haziungui, hazipitishi umeme, haziliwi na asidi kirahisi, na bei yake ilikuwa nafuu. Ndiyo maana zikaingia kwenye mabati ya saruji ya kuezekea, mabomba ya maji, dari, vigae vya sakafu, vifuniko vya boila, breki na klachi.

Ubaya unaanza pale kitu hicho kinapokatwa, kuvunjwa au kusuguliwa. Nyuzi hupasukapasuka kwa urefu mpaka zinakuwa nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zinaelea hewani kwa saa nyingi, zinavutwa hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauwezi kuziyeyusha. Matokeo yake ni asbestosisi, yaani makovu yanayokaza mapafu. Saratani ya mapafu. Mesotelioma, ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Na pia saratani ya zoloto na ya ovari. Anayevuta sigara na huku amevuta asbesto hatari yake ya saratani ya mapafu hupanda kupita kiasi cha kujumlisha hatari hizo mbili.

Dalili huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Aliyepata vumbi akiwa kijana wa miaka 22 anaugua akiwa na wajukuu, kampuni imeshafungwa na daftari la mahudhurio limeliwa na mchwa. Karibu kila kipengele cha mkataba huu ukikichimba utakuta kinajaribu kushughulika na muda huo mrefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asbesto kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka duniani.

Kama ni hatari hivyo, kwa nini dunia ilingoja hadi 1986?

Si kwa kukosa taarifa. Mwaka 1924 jarida la madaktari la Uingereza lilieleza kifo cha Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota asbesto katika kiwanda cha Rochdale. Mwaka 1931 Uingereza ilikuwa tayari na kanuni za vumbi la asbesto viwandani. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na eneo la machimbo ya asbesto ya bluu kaskazini-magharibi mwa Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuajiriwa mgodini. Walikulia tu karibu na marundo ya mabaki ya mgodi.

Mwaka 1974 ILO ilipitisha Mkataba Na. 139 kuhusu saratani zinazotokana na kazi, na mwaka 1977 Mkataba Na. 148 kuhusu hewa chafu, kelele na mtetemo kazini. Asbesto ingeweza kubanwa kwa hiyo miwili. Lakini wachimbaji na wenye viwanda walikuwa na nguvu, na baadhi ya serikali zilitegemea mauzo ya madini hayo. Hadi kufikia makubaliano ya asbesto peke yake, zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita tangu Rochdale.

Je, mkataba umepiga marufuku asbesto?

Hapana, si yote. Hili ndilo swali linalozua ubishi kuliko yote, na wanaobishana mara nyingi wamesoma nusu yake tu.

Vitu viwili vimekatazwa waziwazi. Kifungu cha 11 kinakataza krosidoliti, ile ya bluu, pamoja na bidhaa zenye nyuzi zake. Kifungu cha 12 kinakataza kunyunyizia asbesto ya aina yoyote, kazi iliyokuwa ikifanywa kwenye nguzo za chuma na dari ili zistahimili moto. Hata hapo umeachwa mlango mdogo wa kutoa ruhusa maalumu, baada ya kushauriana na waajiri na wafanyakazi.

Kwa aina nyingine, Kifungu cha 10 kinasema kwamba pale inapohitajika kulinda afya na inapowezekana kiufundi, sheria ya nchi iweke moja au zaidi ya hatua mbili: kubadilisha asbesto kwa malighafi isiyo na madhara au yenye madhara madogo zaidi, au kuipiga marufuku yote au sehemu yake. Maneno "inapowezekana kiufundi" yalikuwa mazito mwaka 1986. Leo hayana uzito ule, kwa sababu bati la chuma, vigae vya saruji vyenye nyuzi za selulosi na mabomba ya plastiki vipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Na Kifungu cha 3 kinataka sheria za nchi zipitiwe mara kwa mara kulingana na maendeleo ya ufundi na sayansi. Soma vifungu hivyo viwili kwa pamoja na utaona mkataba wenyewe unaisukuma nchi kuelekea marufuku kadiri mbadala unavyopatikana.

Wafanyabiashara wa asbesto waliusoma kinyume. Kwa miaka mingi walidai kwamba kwa kuwa ILO imeweka masharti ya kuitumia, basi ILO imekubali itumike. Mwezi Juni 2006 mkutano mkuu wa ILO ulijibu kwa azimio: njia yenye nguvu zaidi ya kuwalinda wafanyakazi ni kuacha kuitumia asbesto siku za mbele, na kuitambua na kuishughulikia ipasavyo ile iliyokwisha kujengewa; na Mkataba Na. 162 usitumiwe kuhalalisha wala kuidhinisha kuendelea kuitumia. Mtu akikuletea hoja ya "matumizi salama" kwa jina la ILO, mwonyeshe azimio hilo.

Nimesikia asbesto nyeupe haina shida, ni ya bluu tu. Kweli?

Si kweli. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani inaziweka aina zote sita katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ya bluu ni kali zaidi kwa mesotelioma, hilo halina ubishi, lakini ukali wa moja hauifanyi nyingine kuwa salama.

Dai hili halikomi, na sababu ni biashara. Krisotili ndiyo karibu yote inayochimbwa leo, Urusi ikiongoza, na Kazakhstan, China na Brazil zikifuata. Katika Mkataba wa Rotterdam wa 1998, unaotaka nchi inayouza kemikali hatari ipate kwanza ridhaa ya nchi inayonunua, aina tano za asbesto zimeorodheshwa. Krisotili imependekezwa tena na tena tangu 2006 na kila mara nchi chache zimezuia, kwa kuwa uamuzi unahitaji kauli moja. Kumbuka kwamba kuorodheshwa si kupigwa marufuku, ni kumtaarifu mnunuzi tu. Hata hilo limekataliwa. Kati ya waliozuia ipo Zimbabwe, yenye machimbo yake Zvishavane na Mashava, ingawa yenyewe iliridhia Mkataba Na. 162, yaani ilikubali kufungwa nao kisheria, mwaka 2003.

Nchi zetu zimeridhia?

Uganda iliridhia mwaka 1990, mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya. Tanzania ilipita njia nyingine: iliridhia Mkataba Na. 148 wa hewa chafu kazini mwaka 1983, na Mkataba Na. 170 wa kemikali mwaka 1999.

Lakini kuridhia si kipimo kizuri cha hali halisi. Kenya ilikataza mabati ya asbesto mwaka 2006 kwa njia ya sheria za mazingira, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa kuyaondoa na kuyazika. Rwanda imeendesha kampeni ya serikali ya kuondoa paa za asbesto katika majengo ya umma na ya watu binafsi chini ya mamlaka yake ya makazi. Afrika Kusini, iliyochimba asbesto kwa zaidi ya karne, iliipiga marufuku mwaka 2008. Upande mwingine, zipo nchi zilizoridhia ambako fundi bado anapanda paa la asbesto na grenda mkononi, kifua wazi.

Kama nchi yangu haijaridhia, mfanyakazi ana nini cha kushika?

Ana vitu vitatu, na cha kwanza ndicho chenye nguvu zaidi.

Sheria ya nchi. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ina sheria yake ya 2007 chini ya kurugenzi ya usalama na afya kazini, na Uganda ina ya 2006. Zote zinamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi dhidi ya vumbi na vitu hatari, hata kama neno asbesto halijatajwa katika kila ukurasa. Mahakamani na kwa mkaguzi, hapa ndipo pa kuanzia.

Pili ni uamuzi wa ILO wa Juni 2022. Mwaka huo mazingira salama na yenye afya kazini yaliongezwa katika haki za msingi za wafanyakazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa na ajira za watoto. Maana yake kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu misingi ya Mikataba Na. 155 na Na. 187 kuhusu usalama na afya kazini, iwe imeridhia au la.

Tatu, makubaliano ya hiari kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Hakuna kinachozuia vifungu vya Mkataba 162 kuingizwa neno kwa neno katika mkataba wa hali bora kazini. Viongozi wengi wa matawi hawaitumii njia hii, na inashangaza, kwa sababu ni ya bei rahisi na haingoji bunge.

Kiwango gani cha vumbi kinaruhusiwa?

Mkataba hautaji namba. Kifungu cha 15 kinaiachia mamlaka ya nchi iweke kikomo na kukirekebisha kadiri elimu inavyoongezeka. Kilichoelezwa ni namna ya kuhesabu: nyuzi zenye kipenyo chini ya mikromita 3, urefu unaozidi kipenyo zaidi ya mara tatu, na kwa upimaji zihesabiwe zile zinazozidi mikromita 5 kwa urefu.

Kwa muda mrefu kikomo cha nchi nyingi kilikuwa nyuzi 0.1 kwa sentimita moja ya ujazo ya hewa, na Marekani bado iko hapo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kushuka hadi 0.01. Lakini kikomo si mpaka wa usalama. Hakuna kiwango kinachojulikana ambacho chini yake saratani haitokei.

Bosi ametununulia barakoa. Inatosha?

Haitoshi, na mkataba unasema hivyo bila kumung'unya maneno. Kwanza vumbi lizuiwe lisitoke, kwa mitambo na kwa njia ya kufanya kazi. Hilo likishafanyika na bado kikomo kinazidi, ndipo mwajiri atoe vifaa vya kulinda pumzi na nguo maalumu, avitunze, avibadilishe, na asimtoze mfanyakazi hata senti. Vifaa vya pumzi ni nyongeza, vya muda, vya dharura au vya hali ya pekee. Havichukui nafasi ya udhibiti wa vumbi.

Na barakoa ipi? Ile ya kitambaa au ya bluu ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inayotakiwa ni ya kuchuja chembe laini kabisa, inayobana uso pande zote. Ndevu zinaharibu mbano huo.

Tumepewa kazi ya kutoa paa la zamani la shule. Mkataba unasema nini?

Kifungu cha 17 ndicho chenu, na kwa Afrika Mashariki ya leo nadhani ndicho kifungu chenye thamani kuliko vyote. Viwanda vya kutengeneza bidhaa za asbesto hatunavyo tena vya kutisha. Kilichobaki ni maelfu ya paa za kijivu zilizoezekwa miaka ya 1950 hadi 1980 kwenye shule, zahanati, nyumba za reli na kota za watumishi, na sasa zinafikia umri wa kuchakaa zote kwa mpigo.

Kifungu kinasema ubomoaji wa majengo yenye asbesto inayopukutika, na uondoaji wa asbesto pale vumbi linapoweza kuruka, ufanywe na mwajiri au mkandarasi anayetambuliwa na mamlaka kuwa ana ujuzi huo. Kabla ya kazi kuanza, aandike mpango unaoonyesha wafanyakazi watalindwa vipi, vumbi litazuiwaje na taka zitapelekwa wapi. Wafanyakazi au wawakilishi wao washirikishwe katika mpango huo. Kwa hiyo mkandarasi akikwambia "pandeni tu, tutaona mbele ya safari", hajafikia hata hatua ya kwanza.

Bati la asbesto la kuezekea kwa kawaida lina asbesto kama asilimia 10 hadi 15, iliyobaki ni saruji. Likiwa zima na halijapauka, nyuzi zimeshikwa. Kazi nzuri, kwa hiyo, ni ile inayolishusha likiwa zima. Watu wasiohusika waondolewe, wanafunzi wasiwe darasani, na chini patandikwe karatasi la plastiki. Paa lilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, yakimwagika taratibu. Pampu ya nguvu ya kuoshea magari inang'oa nyuzi badala ya kuzituliza. Misumari na boliti zifunguliwe au zikatwe kwa mkono. Grenda, msumeno wa umeme na nyundo ya kuvunjia vibaki chini kwenye gari. Mabati yashushwe kwa mikono moja baada ya jingine, yasitupwe. Yafungwe kwa plastiki nzito tabaka mbili na kuandikwa. Vipande vidogo viokotwe vikiwa vimelowa, na pasifagiliwe kavu.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi inalisema chini kabisa na mimi ningelianza nalo: bati la asbesto la miaka 50 halibebi mtu. Fundi akikanyaga katikati ya kenchi anapita nalo hadi sakafuni. Nyuzi huua baada ya miaka 30, kuanguka huua leo. Tembeeni juu ya mbao ndefu zilizolala juu ya kenchi, na mkanda wa usalama ufungwe mahali penye nguvu.

Nguo za kazi nizifulie nyumbani?

Usizipeleke nyumbani. Kifungu cha 18 kinamtaka mwajiri atoe nguo za kazi, azifue yeye katika mazingira yaliyodhibitiwa, na awape wafanyakazi mahali pa kunawa na kuoga. Kuzitoa nje ya eneo la kazi kumekatazwa.

Kuna historia nyuma ya sharti hilo. Mwaka 1965 watafiti wa London, Newhouse na Thompson, walipochunguza wagonjwa wa mesotelioma, walikuta baadhi yao hawakuwahi kushika asbesto kazini. Waliishi na mfanyakazi, na wanawake kadhaa walikuwa wakikung'uta na kufua ovaroli za waume zao.

Na sisi wa gereji?

Breki na klachi za magari ya zamani zilikuwa na asbesto, na sehemu nyingine za dunia bado zinatengenezwa hivyo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Chukulia vumbi lote la breki kuwa lina shaka: usilipulize kwa hewa ya kompresa, usilipige kwa brashi kavu, lowanisha na ufute kwa kitambaa kitakachotupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Kijana anayejifunza kazi ndiye anayepewa kompresa kila siku, na ndiye ana miaka mingi zaidi ya kuugua mbele yake.

Vipimo vya afya analipa nani?

Mwajiri au mfumo wa nchi, kamwe si mfanyakazi. Kifungu cha 21 kinataka uchunguzi uwe wa bure na kadiri inavyowezekana ufanyike saa za kazi. Mfanyakazi aelezwe majibu yake na apewe ushauri wake binafsi. Daktari akisema usiendelee na kazi hiyo, juhudi zote zifanywe ili upate njia nyingine ya kulinda kipato chako. Sentensi hiyo ya mwisho imelegezwa na maneno "kulingana na hali ya nchi", na hapo unaona kabisa mkono wa nani ulipita.

Vipimo vyenyewe mara nyingi ni picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha nguvu ya pumzi. Havizuii ugonjwa, vinaugundua tu. Mwajiri anayewapima watu kila mwaka huku vumbi likiruka hajawalinda.

Baba alifanya kazi na asbesto miaka mingi na sasa amestaafu. Mkataba unamkumbuka?

Unamkumbuka. Kifungu hichohicho kinasema "wanaokutana au waliowahi kukutana" na asbesto. Pendekezo Na. 172 linaongeza kwamba uchunguzi uendelee baada ya ajira kwisha.

Kwa vitendo, mpeleke hospitali hata kama anasema ni kikohozi cha uzee, na mwambie daktari waziwazi: kazi gani, kiwanda gani, miaka ipi. Pole kwa kusema hivi, lakini wagonjwa wengi huishia kutibiwa kifua kikuu kwa sababu hakuna aliyeuliza historia ya kazi. Kusanya barua ya ajira, kitambulisho cha zamani, hati za malipo, na majina ya wenzake walio hai. Asbestosisi, saratani ya mapafu na mesotelioma zitokanazo na asbesto zimo katika orodha ya ILO ya magonjwa ya kazi. Tanzania Bara madai ya fidia hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya 2008. Kenya kuna sheria ya mafao ya ajali na magonjwa ya kazi ya 2007.

Mwajiri akiwa kampuni tanzu ya kampuni ya nje, usikate tamaa haraka. Wachimbaji wa Afrika Kusini waliidai kampuni mama ya Uingereza, Cape plc, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa huko iliruhusu kesi isikilizwe London. Walalamikaji wapatao 7,500 walifikia makubaliano ya fidia mwaka 2003. Wengi walikufa wakingoja.

Naweza kukataa kupanda paa?

Mkataba Na. 155, Kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Toa taarifa kwa msimamizi mara moja, kwa maandishi ikiwezekana, hata ujumbe wa simu. Sema unachokataa ni namna ya kufanya kazi, si kazi yenyewe. Tofauti hiyo hukusaidia sana mbele ya mkaguzi. Mkataba Na. 162 nao unakupa wewe au mwakilishi wako haki ya kudai hewa ipimwe, kuona kumbukumbu za vipimo, na kukata rufaa kwa mamlaka kuhusu matokeo.

Mimi ni kibarua wa siku, sina mkataba wa maandishi.

Mkataba unataja "wafanyakazi" bila kudai karatasi, na unawajumuisha wanachama wa vyama vya ushirika vya uzalishaji. Kwa aliyejiajiri, Pendekezo Na. 164 la 1981, la usalama na afya kazini, linataka ulinzi unaofanana kadiri inavyowezekana. Tusidanganyane: huku ndiko ulinzi ulikotoboka zaidi, kwa sababu kibarua hana faili wala jina kwenye orodha. Jiandikie mwenyewe tarehe, mahali na jina la aliyekulipa. Picha moja ya simu ukiwa kazini inaweza kuwa ushahidi pekee utakaokuwa nao.

Naweza kuishtaki serikali yangu Geneva?

Wewe binafsi, hapana. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuwasilisha malalamiko rasmi ILO dhidi ya nchi iliyoridhia mkataba na isiyoutekeleza. Kinaweza pia kutuma maoni yake wakati serikali inapopeleka taarifa ya utekelezaji, yasomwe na kamati ya wataalamu. Ni njia ya polepole na haina polisi.

Nyumba niliyonunua ina paa la asbesto. Nihame?

Hapana. Paa zima lisiloguswa si sababu ya kukimbia. Usilitoboe, usilisugue kuvu kwa brashi ya waya, usiruhusu fundi wa antena au wa sola apande kabla hujamwambia. Weka akiba ya kulibadilisha kwa utaratibu, na mpangaji ajue.

Mabati yaliyotolewa yanaweza kujengea banda la kuku?

Hayawezi. Wala yasiwekwe kwenye shimo la barabarani kama kifusi, wala kuuzwa kwa mafundi wa uswahilini, jambo linalotokea mara nyingi kwa sababu bati kuukuu lina bei. Kifungu cha 19 kinataka taka zitupwe bila kuwahatarisha wafanyakazi, majirani wala watu wengine wote. Mkataba wa Basel wa 1989 unaziweka taka za asbesto katika orodha ya taka hatari. Kuchoma hakusaidii, kwani asbesto haiungui.

Zinazikwa zikiwa zimefungwa, katika eneo lililoidhinishwa na mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, NEMA kwa Kenya na kwa Uganda. Eneo liandikwe kwenye ramani, ili atakayechimba msingi hapo miaka 60 ijayo ajue kilicho chini. Uliza gharama ya usafiri na ya kuzika kabla ya kusaini zabuni ya kuondoa paa, kwa sababu mkandarasi ambaye hakuiweka kwenye bei yake ndiye atakayeyamwaga korongoni usiku.